Viti Mia Mbili, Bila Mikono

Jumatatu, 16 Juni 2025

Wateja leo: watatu. Mmoja alikuwa anaulizia njia ya kwenda Mkonze. Kwa hiyo wawili.

Upande wa pili wa barabara, kwa Evarista, wamejaa mpaka wengine wanakula wamesimama. Siandiki haya kwa wivu. Naandika kwa sababu daftari hili ni la ukweli. Evarista anauza kile kile ninachouza mimi: kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ambayo hapa mjini mwenye akili timamu haitaji kwa jina lake. Banda lake amelizungushia mabati hadi juu. Kibao chake kina neno moja tu: TUPO. Tupo! Akina nani? Mnafanya nini? Hakuna maelezo. Mimi nimemaliza kidato cha nne, kibao changu kina mistari saba, na hakuna anayekisoma.

Jioni mke wangu Dorkasi ametoa tamko. Kiwanja hiki ni chake, aliachiwa na baba yake, na tangu Pasaka draya mbili za saluni zimekaa chumbani kwetu zimefunikwa kitenge kama wageni waliolala. Amesema Bunge la bajeti linakwisha mwezi huu. Kama banda halikujaa wakati mji umejaa watu, litajaa lini? Jumamosi tarehe 28, saa kumi jioni, atakuja kuhesabu mwenyewe. Akikuta mabenchi yote sita yamejaa, hatatamka tena neno saluni. Asipokuta, nitafute pa kupeleka makarai yangu.

Siku kumi na mbili. Zinatosha. Tatizo langu si nyama. Tatizo langu ni kwamba dunia haina habari. Nitaweka tovuti.

Jumatano, 18 Juni

Anitha amekuja baada ya kazi. Ni mdogo wake Dorkasi, anashughulika na kompyuta kwenye ofisi moja huko Mtumba. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo ya sehemu ya "Kuhusu Sisi": kurasa kumi na nne, kwa mkono, na michoro. Amesoma ukurasa mmoja, amefumba macho kidogo, ameomba chai.

Kisha akauliza swali la ajabu. Eti, shemeji, hivi wateja wako wanataka kuonekana? Nikamjibu kwamba anayejificha si mteja, ni mtoro. Hakubishana. Amezoea maofisini.

Picha nimepiga mwenyewe. Iliyotoka vizuri kuliko zote ni ya Mzee Batholomeo. Huyu ndiye nguzo ya banda langu: miaka tisa benchi la nyuma, kando ya tanki la maji, uso umeelekea ukutani. Kanisani kwao, ingawa husali Jumapili, nyama hii hailiwi kabisa, naye ni mzee wa kanisa, lakini hayo ni yake na Mungu wake. Leo aliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na salamu ya Kigogo, "mbukwa", juu yake, maana alikuwa na furaha. Nikamwomba picha ya kumbukumbu. Akafuta mdomo, akainua mfupa juu, akatabasamu. Picha ya haki!

Chini yake nimeandika: "Mzee Batholomeo wa Kikuyu, mteja wetu kwa miaka tisa. Alhamisi na Jumamosi huongeza nusu kilo."

Anitha aliuliza kama Mzee ameridhia. Nikamweleza kwamba tovuti ni ya dunia nzima, si ya mtaa wetu huu wa Kikuyu. Dunia nzima haimjui Batholomeo.

Mwisho mashine ya kutengeneza tovuti ilitaka aina ya biashara. Kabla Anitha hajashika simu, nikaandika mwenyewe: KITIMOTO ZABLON, KIKUYU, DODOMA. Ikafikiri. Ikapendekeza: "Viti na Samani." Nilicheka kwa furaha. Hata mashine imejua kwamba neno hili husemwa kwa mafumbo! Nikabonyeza "Kubali" Anitha akiwa anakoroga sukari.

Alhamisi, 19 Juni

TUKO HEWANI! Hadi saa sita mchana tovuti imepata wageni 41!

Saa saba Anitha amepiga simu kuuliza nimeifungua mara ngapi mimi mwenyewe. Nimehesabu kwenye daftari. Mara 38. Sikuona sababu ya yeye kukata simu vile.

Lakini 41 kutoa 38 ni watatu. Mmoja ni Anitha. Wawili hatuwajui! Watu wawili, mahali fulani duniani, wanatazama makarai yangu.

Wateja bandani: wanne. Batholomeo ameongeza nusu kilo, maana ni Alhamisi. Nyumbani huaga kwamba anakwenda kikao cha kamati ya ujenzi wa kanisa. Miaka tisa ya vikao. Msingi nimeuona, una nyasi.

Ijumaa, 20 Juni

Evarista amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, akanipigia kelele kuvuka barabara. Jirani Zablon, huko mtandaoni leo wamekula kilo ngapi? Watu wakacheka ndani ya mabati. Nikamjibu kwa utulivu kwamba mambo haya yana hatua zake. Akasema sawa, akaniuliza kama hatua ya pili ni kuwatumia ndizi za kukaanga kwa barua pepe.

Mwanamke mwenye kibao cha herufi nne! Sikujibu. Nilijibu baadaye, nikiwa jikoni, jibu zuri sana, lakini hakulisikia mtu.

Jumapili, 22 Juni

Siku kuu ya maisha yangu. Nitaiandika kwa utaratibu.

Saa tisa simu imeita. Namba ngeni. Sauti ya mtu mzima, mpole, mstaarabu. Ameona tovuti! Anahitaji viti mia mbili kwa Jumamosi, tarehe 28, harusi ya binti yake.

Nikaelewa mara moja. Mteja mwenye heshima zake. Anasema "viti" tu, hiyo "moto" anaimeza. Nami nikamjibu kwa lugha hiyo hiyo. Nikasema viti mia mbili vipo, mzee wangu, bila wasiwasi.

Akauliza ni vya mikono au bila mikono. Nikamwambia mikono huwa tunaondoa, na miguu pia, ila akitaka tunamwachia. Akacheka sana. Akasema miguu tuache, tafadhali.

Akauliza kama ni vyeupe. Nikasema ukweli: mwanzoni huwa vyeupe, baadaye vinakuwa vya kahawia. Akasema anaelewa, vumbi la Dodoma halina huruma.

Akauliza kama vinaoshwa. Vinaoshwa kwa maji na limau! Hapo akasema hajawahi kuona uangalifu wa namna hii.

Swali moja tu lilinishinda. Tuje kuvichukua Jumapili asubuhi au jioni? Nikamwambia kwa uzoefu wangu huwa havibaki. Akasema watajitahidi kuweka mlinzi.

Mwisho akajitambulisha: Khamisi, na binti ni Kuluthumu. Hapo nikaangalia tena namba kwenye simu. Lakini biashara hii imesimama kwa kutomuuliza mtu jina. Jumanne atapita kuviona.

Nimempigia Raphael, mfugaji wa Mvumi. Nguruwe wawili, wakubwa, wafike Ijumaa. Mabenchi sita Dorkasi? Mimi nalisha harusi nzima!

Jumanne, 24 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nne imesimama gari ng'ambo ya barabara. Ameshuka mzee mwenye kanzu safi na barakashia. Ametazama kibao changu, mstari wa kwanza hadi wa saba. (Mtu wa kwanza kukisoma chote!) Akatazama simu yake. Akatazama karai, ambalo wakati huo lilikuwa linachemka kwa sauti. Hakuvuka.

Nikavuka mimi. Nikamwamkia. Akaniuliza taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, kama mimi ndiye Zablon wa viti. Nikasema ndimi. Akasema, mwanangu, mimi nilitaka vya kukalia.

Nilitamani upepo wa Juni unichukue mpaka Manyoni.

Halafu Mzee Khamisi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya umeme. Kila nilipofungua mdomo kuomba radhi, alisema "mikono huwa tunaondoa," akaanza upya. Akasema Mwenyezi Mungu anisamehe mimi, na yeye pia amsamehe kwa kucheka kiasi hicho wiki ya harusi. Kabla ya kuondoka alinishika bega. Akanisihi niondoe biashara yangu kwenye orodha ya viti leo hii, maana atakuja mwingine asiyejua kucheka.

Nimelifikiria kwa makini. Kwenye orodha ya viti nimepata simu moja ya oda mia mbili. Kwenye orodha nyingine yoyote sijapata hata moja. Kitaalamu, viti vinalipa. Nimeacha.

Raphael nimempigia kusitisha. Amesema nguruwe wameshaagwa.

Jumatano, 25 Juni

Wageni 312! Kwa siku moja! Na sijafungua hata mara moja, bando lilikwisha; idadi nimeletewa kwa ujumbe mfupi.

Wateja bandani: hakuna.

Hakuna kabisa. Hata waulizaji wa njia. Mchana kutwa nimekaa na karai linalochemka na kundi la nzi. Benchi la nyuma tupu kwa mara ya kwanza tangu nimefungua.

Saa kumi na moja nikasikia kikohozi nyuma ya tanki la maji. Mzee Batholomeo, upande wa nje wa uzio, amejikunja. Hakusema mbukwa. Alisema, Zablon, umeniua.

Habari yote ni hii. Kinamama wa kanisani kwao wana shughuli ya kumuaga mchungaji. Mkewe, Mama Evelina, ndiye kamati ya viti. Tangu wiki iliyopita anatafuta viti vya kukodi kwenye simu, anaandika "viti Kikuyu", anapita tu majina. Jana akafungua la kwanza kwenye orodha. Hakuona kiti. Alimwona mumewe, ameinua mfupa, anatabasamu kuliko siku ya ndoa yao.

Hakupiga kelele. Alimsomea maandishi ya chini kwa sauti, polepole, mara mbili. "Alhamisi na Jumamosi huongeza nusu kilo." Halafu akamuuliza kama hiyo nusu kilo ilikuwa ya saruji. Kisha akaituma picha kwenye kundi la kinamama. Ndio hao 312.

Nikamwambia Mzee kwamba, tukiangalia upande mwingine, hakuna banda Dodoma lililowahi kufikia idadi hiyo. Akaniuliza nimesoma wapi. Akaondoka bila kuaga.

Wateja wengine wote, Mzee alikuwa ameshasema, wana hofu ya kupigwa picha. Hata wale ambao dini zao hazina neno na nyama hii. Wapo walioaga ofisini kwamba wanauguza.

Ijumaa, 27 Juni

Nimerekebisha mambo. Anitha hapokei simu zangu, kwa hiyo nimejifunza mwenyewe. Uso wa Mzee Batholomeo nimeuziba kwa boksi jeusi. Jina nimeliacha. Kuliziba nalo kungeonyesha kwamba ana kitu cha kuficha.

Raphael amefika saa tano na toyo yake ya magurudumu matatu, nguruwe wawili nyuma. Wakubwa kweli. Amewafunga kwenye mwarobaini nyuma ya banda. Mmoja ameanza kula kitenge. Nilikitambua kitenge. Dorkasi ametoa draya nje kuzifuta vumbi. Nilipomuuliza mbona mapema, amesema anafuta tu.

Wateja: hakuna. Wote wako TUPO. Nasikia vicheko ndani ya mabati. Kati ya vicheko hivyo kuna kikohozi ninachokijua kwa miaka tisa.

Kesho saa kumi.

Jumamosi, 28 Juni

Saa nane: mtu hakuna. Nimefuta mabenchi mara nne. Nilifikiria kumkalisha Raphael, lakini Raphael ni mmoja.

Saa nane na robo, Evarista amevuka barabara. Hajawahi! Nyama imemwishia. Tangu Jumatano wateja wangu na wake wamekaa kwake wakipokezana mabenchi, amesema, na hata mabati nusura yapasuke. Anawataka nguruwe wote wawili, mara moja. Akauliza pia kama naweza kuiacha tovuti yangu hewani mpaka Krismasi, kwa hisani ya ujirani. Alisema bila kucheka. Hilo ndilo lililouma.

Saa tisa kasoro, wakati wanamvuta nguruwe wa pili kuvuka barabara, nikageuka. Kinamama! Kundi zima, wamevaa sare ya kanisa, Mama Evelina mbele na mkoba wake umebanwa kwapani. Nikawaamkia. Waliitikia kama jaji anavyoitikia. Nikauliza niwahudumie nini.

Mama Evelina akasema, baba, sisi tulitafuta viti. Tumeviona. Tumekuja kuvikalia.

Wakakaa. Benchi la kwanza, la pili, la tatu. Benchi la nyuma kando ya tanki alilikalia Mama Evelina mwenyewe, uso haukuelekea ukutani, umeelekea barabarani. Wakaagiza soda na maji. Wanawasubiri waume zao waje kwenye kikao cha ujenzi.

Mzee Batholomeo alitokea saa tisa na nusu kutoka upande wa mabati. Akaona sare. Hakupunguza mwendo wala kuongeza. Alipita katikati ya barabara, mbele moja kwa moja, kama mtu ambaye tangu asubuhi safari yake ilikuwa ya kwenda Singida. Mama Evelina akamsindikiza kwa macho hadi kona. Kisha akanywa soda.

Mimi nilikuwa nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, SITA! Mabenchi yote! Na saa kumi bado dakika kumi! Nikakimbia nyumbani, nikamvuta Dorkasi mkono, nikamwambia ahadi ni deni la heshima, njoo ukahesabu.

Akaja. Akahesabu. Akakiri, mbele ya watu, kwamba yamejaa yote. Nilikuwa tayari kupeana naye mkono.

Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama vichwa. Upepo wa wiki nzima, vumbi, kinamama wana shughuli ya mchungaji kesho, na hakuna mwenye muda wa kwenda mjini. Akamuuliza Mama Evelina, kwa upole, nani alimsuka mara ya mwisho. Mama Evelina akagusa kichwa, akasema wee acha tu. Dorkasi akasema twende kilioni, ule msuko wa kurudi nyuma, ni wa haraka, hata saa moja hauchukui. Mama Evelina akatazama barabara tupu. Akavua kitambaa.

Saa kumi kamili kitana kilikuwa kazini. Saa kumi na moja draya ilichomekwa pale lilipokuwa friji la nyama. Walicheka. Waliimba pambio. Mmoja aliniagiza nisogeze karai, linaleta moshi.

Dorkasi ni mwanamke wa neno lake. Hajatamka saluni hata mara moja.

Jumatatu, 30 Juni

Makarai yapo chini ya mwarobaini, yametulia. Kazi yangu mpya ni kufagia nywele. Dorkasi amenikataza kugusa kitana, kupokea simu na kuongea na wateja. Wateja leo: tisa. Mabenchi manne kabla ya saa sita!

Lakini anategemea mdomo wa Mama Evelina tu. Mtaa mmoja, kanisa moja. Dunia haina habari!

Nimekaa nikajichunguza bila upendeleo. Kosa la safari iliyopita nimeliona: nilionyesha wateja wakiwa wameshahudumiwa. Mteja anataka kuona mabadiliko. Kwa hiyo tangu asubuhi, nikifagia, nimewapiga picha kinamama sita wakiwa wamefumua nywele, kabla hawajaguswa. Hawajui, watafurahi zaidi. Chini ya kila moja nimeandika jina kamili, mtaa, na "HALI ALIYOKUJA NAYO." Ya Mama Evelina, aliyerudi kufumua msuko wa Jumamosi, imetoka vizuri kuliko zote.

Simu ya Anitha bado haipokelewi. Simhitaji. Nimejaza fomu yote peke yangu: SALUNI YA TWENDE KILIONI, KIKUYU, DODOMA.

Mashine ikafikiri. Ikapendekeza: "Misiba na Mazishi."

Mashine hii inatujua. Nimebonyeza "Kubali."